Hasara ni ya Nani? Barua ya Wazi kuhusu Kazi ya Dola

Kwa:
Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Viongozi wa vyama vya siasa mnaoandika ilani,
Wajumbe wa Tume ya Taifa ya Mipango,
na wote mtakaokabidhiwa kalamu siku mchakato wa Katiba utakapoanza tena.

YAH: DOLA, ITIKADI NA MBEBA HASARA

Waheshimiwa,



Mimi ni mwalimu mstaafu. Naishi Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, katika nyumba iliyozungukwa na mikorosho aliyoiacha baba yangu. Nilishika chaki miaka 38, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilifundisha somo la Siasa, ambalo baadaye lilikuja kuitwa Uraia. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza watoto wa wakulima dola ni kitu gani, inawadai nini, na wao wanaidai nini.

Mwaka 1993, vyama vingi vikiwa vimerudi mwaka mmoja tu uliopita, nilikuwa na kidato cha tatu. Vitabu vya zamani vilikuwa havifai tena na vipya vilikuwa havijafika. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, mpaka juzi tulikuwa wajamaa. Sasa hivi sisi ni nani?" Darasa zima likanyamaza likinitazama. Nikamwambia nitamjibu wiki ijayo. Wiki ile ikapita, muhula ukapita, na mimi nikastaafu sijamjibu. Nawaandikia kwa sababu jibu la swali lile haliko mikononi mwa mwalimu. Liko mikononi mwenu.

Wala halikuwa swali la kitoto. Fungueni Katiba ya 1977 kama inavyosomeka hata sasa. Ibara ya 3 inasema nchi yetu ni ya kidemokrasia na ya kijamaa, isiyokuwa na dini, yenye kufuata mfumo wa vyama vingi. Ibara ya 9 inaziagiza mamlaka zote zielekeze sera na shughuli zake katika kujenga taifa la watu huru na sawa kwa njia ya Ujamaa na Kujitegemea. Kisha rudini nyuma kidogo, Ibara ya 7, kifungu kidogo cha pili: masharti ya sehemu ile hayawezi kutiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Ahadi imeandikwa, na mlango wa kuidai umefungwa kwa kalamu ile ile. Juu ya meza hiyo hiyo mmeweka Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, na mikataba na wawekezaji wa bandari, madini na viwanda. Sisemi mikataba hiyo ni mibaya kwa kuwa ni mikataba. Nasema nyaraka hizo zinasimulia nchi mbili, na raia anaishi katikati yake bila kujua ni ipi anayoweza kuishika mkono.

Nianze kwa kukiri kosa langu la ualimu. Kila mwaka nilichora mstari ubaoni. Mwisho wa kushoto niliandika: dola inamiliki kila kitu. Mwisho wa kulia niliandika: dola inalinda tu. Katikati nikapanga itikadi moja moja, kutoka ukomunisti mpaka uliberali. Wanafunzi waliupenda mstari ule kwa kuwa ulikaririka kirahisi na ulileta alama kwenye mtihani. Leo naamini uliwapotosha, kwa kuwa uliwafundisha kupima dola kwa ukubwa wake.

Historia haikubali kipimo hicho. Adam Smith, anayetajwa kuwa baba wa soko huria, aliiachia dola kazi tatu katika kitabu chake cha 1776: ulinzi, haki za mahakama, na miradi ya umma kama barabara na madaraja, ambayo hakuna mtu binafsi atakayeijenga kwa kuwa haimlipi. Karl Marx na Friedrich Engels waliiona dola kuwa chombo cha tabaka linalotawala, na Engels akatabiri kwamba siku moja itanyauka yenyewe. Lakini nchi zilizotawala kwa jina lao zilijenga dola zilizomfuata mtu mpaka jikoni kwake. Bima ya afya ya lazima kwa wafanyakazi haikuanzishwa na mjamaa. Ilianzishwa Ujerumani mwaka 1883 na Otto von Bismarck, mhafidhina aliyewapiga marufuku wajamaa na kutaka kuwapokonya wafuasi. Na Marekani, nchi iliyotuhubiria miaka mingi kwamba serikali iache soko lijiendeshe, ilipitisha Oktoba 2008 sheria ya kutumia hadi dola bilioni 700 za walipa kodi kuyaokoa mabenki yaliyokuwa yakizama kwa makosa ya wakubwa wake. Faida ilikuwa imegawanywa kwa wenye hisa. Hasara iligawanywa kwa taifa zima.

Mfano huo wa mwisho ndio ulionifumbua macho. Kila itikadi, ukiivua maneno yake mazuri, ni jibu la swali moja: mambo yakiharibika, nani abebe hasara?

Mliberali anajibu kwamba kila mtu abebe yake, kwa kuwa ndiye aliyechagua, na dola ihakikishe tu kwamba mikataba inaheshimiwa. Mjamaa anajibu kwamba tubebe wote, kwa kuwa mali ni yetu sote. Demokrasia ya kijamii, iliyokomaa Ulaya ya Kaskazini na Uingereza baada ya ripoti ya William Beveridge ya 1942, inasema soko liachwe lifanye kazi yake, lakini maradhi, uzee na kukosa ajira visimwangushe mtu peke yake. Ndiyo maana Julai 1948 Uingereza ilifungua huduma ya afya inayolipiwa kwa kodi, ambayo mgonjwa haulizwi fedha mlangoni. Uliberali mamboleo wa kuanzia miaka ya Margaret Thatcher unasema hata maji na matibabu ni bidhaa, na asiyeweza kununua asaidiwe kidogo pembeni. Ufashisti unasema mtu hana dai lolote mbele ya dola, kwa hiyo hasara yake haihesabiki. Na wale wanaoikataa dola kabisa, tangu Mikhail Bakunin, wanasema dola yenyewe ndiyo hasara, watu wajifunge pamoja wenyewe kwa hiari.

Unaweza kulikubali jibu mojawapo au kulikataa. Ila itikadi isiyolijibu swali hilo waziwazi ni wimbo wa maandamano tu. Na nchi isiyolijibu huwa imeshalijibu kimyakimya: hasara humwangukia asiyeweza kuikwepa.

Nina shahidi, Waheshimiwa. Shahidi wangu ni mkorosho.

Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka huku kwetu Kusini. Baba yangu alikuwa mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika. Aliuza huko, akalipwa huko, na kwenye mkutano mkuu alikuwa na haki ya kusimama na kumhoji katibu. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Nilikuwa na miaka 16 tulipohamishwa. Kijiji kipya kilikuwa na shule na ahadi ya maji, nami siwezi kuidharau shule ile, maana mimi ni tunda lake. Lakini mikorosho yetu ilibaki kule tulikotoka, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Ikaota vichaka, moto ukapita, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa kwa amri, na mamlaka ya zao ikachukua ununuzi. Bei aliyolipwa mkulima ikazidi kubaki nyuma ya bei ya dunia. Wakati huo huo serikali ilikopa na kujenga viwanda zaidi ya kumi vya kubangua korosho. Vilipokamilika, korosho za kuvilisha hazikuwapo. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000.

Tulikuwa tumeahidiwa kubeba wote. Nani alibeba? Mkopo wa viwanda ulibebwa na taifa. Mikorosho iliyokufa ilibebwa na baba yangu. Kadi yake ya ushirika, ambayo hisa zake hakurudishiwa hata senti, ninayo hadi leo ndani ya sanduku la bati. Aliyetoa amri hakubeba kitu. Na hapa lazima niseme haki: Mwalimu Nyerere alikuwa na ujasiri ambao viongozi wengi hawana. Mwaka 1984, akiwa bado madarakani, alikiri hadharani kwamba kuvunja ushirika na kuzifuta serikali za mitaa yalikuwa makosa, na kwamba lau angeanza upya asingeyarudia. Kukiri kule kulikuwa kukubwa. Lakini ungamo halirudishi mkorosho.

Kisha ikaja dola ya pili. Mzee Mwinyi alifungua milango, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakatiwa saini mwaka 1986, na kuanzia mwaka 1991 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua korosho. Mwana wa Lupaso, jirani zetu wa Masasi, Rais Benjamin Mkapa, akaendeleza safari hiyo. Sitasema uongo: fedha zilirudi vijijini, watu wakafyeka vichaka, mikorosho ikapuliziwa salfa, na kabla ya muongo kwisha mavuno yalikuwa yamevuka tani 100,000. Waliosimama kwenye foleni za sabuni na sukari wanajua kwa nini nchi iliikaribisha ruksa hiyo ya soko. Lakini soko lile nalo lilikuwa na jibu lake la hasara. Bei ya dunia ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, mfanyabiashara alifunga ghala akaenda kununua ufuta au mbaazi kwingine. Mkorosho hauhami. Mwenye njaa ya Februari alikopa kwa kangomba, yaani mkopo unaolipwa kwa korosho, akalipa Oktoba kwa bakuli kubwa kuliko kilo, kwa bei iliyokwisha kukatwa mikorosho ikiwa haijatoa hata maua. Kila mtu alibeba yake, kama uliberali unavyosema. Tatizo ni kwamba mizigo haikuwa sawa, na migongo pia.

Dola ya tatu ilikuja na stakabadhi ghalani, iliyoanza kutumika kwenye korosho mkoani kwetu mwaka 2007. Ni mfumo wa njia ya kati: mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake, zinakusanywa ghala kuu, wanunuzi wanashindana mnadani. Naukubali mpaka leo. Lakini tazameni ulipopasuka. Mkulima alilipwa malipo ya kwanza, akaahidiwa ya pili, bei ikashuka, na katika mjengeko wa bei kila mmoja alikuwa amekwisha kukata chake: usafiri, ghala, riba ya benki, ushuru, chama. Makato hayakushuka pamoja na bei. Kilichoshuka ni fungu la mkulima. Aprili 2013, Liwale, hasira ya malipo ya pili yaliyopungua iligeuka moto, na nyumba za watu zikachomwa. Siutetei moto ule. Nauliza tu: kwenye karatasi ya mfumo, iliandikwa wapi kwamba bei ikianguka, wa mwisho kwenye mstari ndiye atakayebeba yote?

Dola ya nne tuliiona Novemba 2018. Msimu wa kabla yake ulikuwa wa neema, zaidi ya tani 300,000. Bei za minada zilipokuwa ndogo na wakulima wakazikataa, serikali iliingia yenyewe. Ilitangaza kununua kila kilo kwa shilingi 3,300, na malori ya Jeshi yakaja kubeba mzigo. Nakumbuka shangwe, nami nilishangilia. Dola ilikuwa imesimama upande wa mkulima mbele ya mnunuzi. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba, malipo yakatoka kwa mafungu, na miezi ikapita. Korosho zilikaa maghalani zikisubiri mnunuzi wa nje. Mdogo wangu aliyekuwa amekopa ada ya shule kwa kutegemea 3,300 zile, alilipa riba ya miezi ya kusubiri. Hakuna kanuni iliyosema serikali ikichelewa itamlipa mkulima fidia ya kuchelewa. Mkulima akichelewesha mkopo, kanuni hiyo ipo.

Nne, Waheshimiwa. Dola kubwa, dola ndogo, dola ya katikati, dola ya kijeshi. Itikadi zilipishana kama zamu za walinzi, na hasara ikabaki kwa mtu yule yule. Ndiyo maana sina hamu tena ya kusikia mkibishana kama serikali iwe kubwa au ndogo. Nataka kusikia mkibishana juu ya hasara.

Mtaniambia serikali haina fedha za kubeba kila hasara. Ni kweli, nami najua gharama ya ahadi zisizo na bajeti. Mwaka 1971 taifa liliahidi kwamba kufikia 1991 kila mwananchi wa kijijini atapata maji ndani ya mita 400. Kwetu Uwandani, ambako mwanamke aliteremka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo jua likiwa kichwani, ahadi ile tuliikariri kama sala. Mwaka 1991 ulipofika, lugha ilikuwa imebadilika: sasa mwananchi achangie. Mwaka 1993 uchangiaji ukaingia hospitalini. Sijasikia kikao chochote kilichokuja kutueleza kwamba itikadi imebadilika. Tuliambiwa na risiti.

Kwa hiyo siombi dola ibebe kila kitu. Naomba iandike inabeba nini, na iandike mahali ambapo raia anaweza kuweka kidole na kusema, hapa. Jambo hilo linawezekana chini ya itikadi zaidi ya moja, na mifano ipo karibu nasi.

Ng'ambo ya bahari yetu, Zanzibar, shirika la umma la biashara ndilo pekee linaloruhusiwa kununua karafuu. Huo ni ukiritimba wa dola, jambo ambalo kitabu cha soko huria kingelilaani. Lakini tangu mwaka 2011 serikali ya huko ilitangaza kwamba mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Mtu anaweza kubishana na asilimia hiyo. Hawezi kusema hajui sehemu yake ni ipi.

Jirani zetu wa Kenya walianza kwa njia nyingine. Waraka wao wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulijiita wa ujamaa wa Kiafrika, lakini ulielekeza fedha za maendeleo kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na barabara, kwa hoja kwamba faida yake itawafikia wengine baadaye. Kaskazini kame ilisubiri miaka mingi hiyo baadaye. Katiba yao ya 2010 ikageuza shingo: Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya afya, makazi, chakula, maji, hifadhi ya jamii na elimu, na Ibara ya 204 inatenga nusu asilimia ya mapato ya taifa kuyainua maeneo yaliyoachwa nyuma. Utekelezaji wake umesuasua, na Wakenya wenyewe wanalalamika. Ila wanalalamika wakiwa na ibara mkononi, na mahakama iko wazi.

Afrika Kusini nayo iliandika haki za namna hiyo katika Katiba yake ya 1996. Mwaka 2000, kwenye shauri lililofunguliwa na Irene Grootboom na wenzake waliokuwa hawana mahali pa kulala, Mahakama ya Katiba haikuiamuru serikali imjengee kila mtu nyumba kesho yake. Iliamua kwamba mpango wa serikali usiowafikiria kabisa walio katika dhiki kubwa zaidi hauendani na Katiba. Kipimo ni hicho: mpango wenye busara, ndani ya uwezo uliopo, usiomwacha wa mwisho. Mahakama inaweza kukipima bila kuingilia bajeti ya Hazina.

Na msinipe Korea Kusini au Singapore kama jibu la kila kitu. Ni kweli dola ya Park Chung-hee ilimiliki mabenki, ikakopesha viwanda kwa masharti ya kuuza nje, na kiwanda kilichoshindwa kikakosa mkopo uliofuata. Nidhamu hiyo kwa wakubwa sisi hatujawahi kuwa nayo. Viwanda vyetu vya korosho havikubanwa namna hiyo. Lakini gharama ya Korea ilibebwa na wafanyakazi walionyimwa kusema na vyama vyao kuvunjwa. Anayetaka dola ya namna ile atuambie pia, mchana kweupe, nani atanyamazishwa kwa ajili yake.

Baada ya maelezo hayo, naomba mambo matano.

Kwanza, Wabunge na waandishi wa Katiba ijayo: lijadilini neno "kijamaa" katika Ibara ya 3 hadharani. Kama tunaamini, tulipe tafsiri ya leo na nguvu ya leo. Kama hatuamini, tuliondoe kwa mjadala wa wazi na tuseme ni nini kinachukua nafasi yake. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 ilithubutu kuorodhesha tunu za taifa, utu, uwazi na uwajibikaji zikiwamo. Tume ile ilizunguka nchi nzima kusikiliza wananchi, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 haikupigwa. Jambo lile halijafa. Limewekwa kabatini tu, na kabati lina funguo.

Pili, ondoeni kufuli la Ibara ya 7. Ibara ya 11 inataja haki ya kufanya kazi, kupata elimu na kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Bunge limekwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Hiyo ni itikadi, hata kama hamkuiita hivyo, kwa kuwa inasema maradhi ya mmoja tubebe wengi. Ipeni mzizi wa kikatiba, mahakama ipewe uwezo wa kupima kama mpango wa serikali una busara na hauwaachi walio chini kabisa. Msiogope majaji. Ogopeni mwananchi asiye na pa kwenda.

Tatu, vyama vya siasa: kila ilani iwe na ukurasa wa hasara. Mnapoandika "tutajenga", "tutanunua", "tutaondoa tozo", andikeni chini yake nani atalipa ikishindikana. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliweka miiko: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mtu anaweza kuiona miiko hiyo mikali. Lakini ilikuwa na hekima moja ndani yake: anayetoa amri asiwe amejitenga na matokeo yake. Mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, miiko hiyo ililegezwa, na sheria ya maadili ya 1995 ikabakiza tamko la mali linalojazwa kwenye fomu. Tafuteni njia ya leo ya kumfunga mtoa amri kwenye kamba moja na anayeamriwa.

Nne, Bunge liupitie kila mkataba mkubwa kwa jicho hili la hasara kabla ya saini. Sheria za 2017 za maliasili tayari zinalipa Bunge nafasi ya kuangalia masharti yasiyo ya haki. Panueni nafasi hiyo ifike kwenye maji, reli, bandari na umeme. Dar es Salaam ilikabidhi maji yake kwa kampuni binafsi Agosti 2003, na mkataba wa miaka kumi haukumaliza hata miaka miwili. Kampuni iliondoka; mkopo uliochukuliwa kwa ajili ya mradi ule ulibaki deni letu. Mwaka 2023 nchi ilibishana kwa nguvu juu ya bandari, wengine wakisema inauzwa na wengine wakisema inaokolewa. Swali ambalo lingetuliza nyoyo lilikuwa dogo zaidi na gumu zaidi: biashara ikiharibika, ukurasa gani unasema nani atabeba nini? Uchapisheni ukurasa huo.

Tano, kwa ajili ya wakulima: kanuni za msimu zisibadilike katikati ya msimu. Msimu wa 2024/25 korosho zilivuka tani 500,000, kiasi ambacho baba yangu asingekiamini. Nawapongeza walioleta salfa kwa wakati na minada ya kielektroniki. Sasa ndio wakati wa kuandaa mfuko wa bei, bei ikiwa nzuri, kwa kuwa bei ya dunia itaanguka siku moja kama ilivyoanguka mara zote. Nikiuliza kwenye mkutano wa chama chetu siku hiyo itakuwaje, naambiwa tumwombe Mungu. Tutamwomba. Lakini mjengeko wa bei unaandikwa na binadamu.

Waheshimiwa, yule kijana wa dawati la nyuma sasa ana watoto wanaosoma shule ya kata, nao wanafundishwa kutoka kitabu kingine tena. Nilikutana naye kwenye mnada msimu uliopita, amekalia gunia lake akisubiri bei isomwe. Hakunikumbusha swali lake, lakini mimi nililikumbuka. Nilitamani kumwambia sisi ni nani: ni nchi ambayo imeandika, kwa Kiswahili anachokisoma mwenyewe, kwamba likiharibika jambo ambalo hakuliamua yeye, hatalibeba yeye peke yake. Sikuweza kumwambia, kwa kuwa bado hamjaiandika.

Kadi ya ushirika ya baba yangu iko tayari. Siku mtakapoanza kusikiliza wananchi juu ya Katiba, nitakuja nayo, niiweke mezani, na nisome kwa sauti yale yaliyoandikwa juu yake.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara.